Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Mzee Kisigino hakuwa mtu wa kubabaika ovyo. Miaka thelathini na kitu amekaa kwenye kibanda chake cha kushona viatu, ubavuni mwa duka la dawa, na watu wamemletea kila aina ya balaa. Amewahi kuletewa kiatu cha bibi harusi, kisigino kimeng'oka, bibi harusi mwenyewe anasubiri ndani ya gari na gari halijazimwa. Alikigongomea kile kisigino bila hata kunyanyua macho, na tangu siku hiyo wakamwita Kisigino. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye pasipoti tu, na pasipoti yenyewe ni mpya.

Sasa mtu huyohuyo, Jumamosi asubuhi, amesimama sebuleni kwa mwanawe, soksi tupu miguuni, mkanda begani, suruali ameishikilia kwa mkono isimvuke, anapita katikati ya viti viwili vya mezani. Mkwe wake, mke wa mwanawe, amesimama upande wa pili kashika mwiko.

"Rudi, Baba. Umelia."

"Nimelia mimi?"

"Mashine imelia. Una nini mfukoni?"

Mzee akajipekua. Misumari mitatu ya viatu, ile midogo yenye vichwa bapa. Hakujua imeingiaje mle, maana suruali ilikuwa imetoka kufuliwa na kupigwa pasi jana yake. Akaiweka juu ya meza, akarudi nyuma, akapita tena kati ya viti, na mkwe akampitishia mwiko mgongoni na kwapani kama alivyoona wanavyofanya uwanja wa ndege.

Mkwe huyu ni mwalimu wa chekechea, na akianza kukufundisha jambo hakuachi mpaka ulijue. Alikuwa ametengeneza kadi kwa kalamu za rangi: kisu kimepigwa alama nyekundu ya kukataza, chupa ya maji nayo hivyohivyo, simu imewekwa ndani ya kibeseni. Kila jioni kwa wiki nzima alimketisha baba mkwe wake na kumuuliza.

"Mafuta ya kujipaka?"

"Yanapita. Yameganda."

"Hapana, Baba. Hayo ni majimaji."

"Dawa ya meno?" akauliza mzee.

"Majimaji."

"Rangi ya viatu?"

Mkwe akafikiri. "Hiyo nadhani nayo ni majimaji."

"Mwanangu, mimi nimefungua kopo la rangi ya viatu kila siku ya maisha yangu. Ukilipindua, hakidondoki kitu."

"Wao ndio wamesema."

"Na gundi?"

"Gundi haiingii kabisa, si mkononi wala kwenye sanduku. Inashika moto."

Fundi viatu kusafiri bila gundi ni jambo ambalo halikumwingia akilini, na kadi zote zile hazikusaidia. Kadiri alivyofundishwa ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

Na si kwamba hajawahi kupanda ndege. Alipanda, miaka ishirini na mmoja iliyopita, alipomsindikiza dada yake aliyekwenda kuishi ughaibuni kwa mtoto wake mwenyewe. Safari ile alikuwa na kisu cha kukunja mfukoni mwa shati, akamenya machungwa humohumo angani, na mhudumu wa ndege akakiazima akakatie kamba ya boksi lake. Akakirudisha na asante juu. Hakuna aliyemuuliza habari ya mkanda. Jambo moja tu liliharibika: sanduku. Lilipotea, na ndani yake kulikuwa na jozi tatu za viatu vya dada yake, na dada akabaki na jozi moja nusu mwaka mzima katika nchi ngeni. Mzee Kisigino hakusamehe. Mtu mwingine angelaani shirika la ndege, yeye alilaani masanduku yote duniani.

Sasa lazima niseme habari ya huyo dada, kwa sababu bila yeye mzee asingevuliwa mkanda na mtu yeyote. Ni mkubwa wake kwa miaka mitano. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vinne, tangu alipougua akiwa mtoto. Kiatu chake cha kushoto hakiuzwi dukani. Kinatengenezwa, soli nene ajabu, na aliyekuwa akikitengeneza tangu alipojua kushika sindano ni mdogo wake. Hata ughaibuni alikuwa anamtumia kwa watu wanaosafiri. Mwaka jana kiatu cha mwisho kikakatika. Hospitali ya huko wakampa kingine, kizuri kwa macho, kikamchubua, siku moja akiwa jikoni kikampindukia akaanguka chini mzimamzima. Mzee akashona kipya, akakituma. Hakikuingia. Mguu ulikuwa umevimba na kubadilika, na vipimo vya kwenye simu ni kubahatisha tu.

Tangu kuanguka, dada hakusimama tena. Hakuvunjika popote, alikataa tu. Ndipo mwanawe, mpwa wa mzee, akapiga simu, sauti imemkauka: "Mjomba, daktari amesema Mama asiposimama ndani ya miezi miwili mitatu hii, miguu itakufa nguvu, hatasimama tena maisha yake yote. Mimi simuwezi. Njoo."

Basi mzee akakata kiatu kipya. Akakishona kwa namna ya kufunguka na kupunguzika, tabaka juu ya tabaka, ili akifika akirekebishe mguuni kwa mwenyewe. Na ili kisimlemee bibi yule, alichimba shimo ndani ya soli, akalijaza vipande vya sponji alivyokata kwenye kandambili kuukuu, akapitisha kibapa cha chuma kiwe uti wa mgongo, akafunga, akashona pembeni mishono midogo ya kutosha kumtoa mtu roho. Kilimla siku tisa. Alipokimaliza alikiweka juu ya meza na kukitazama, na aliona fahari waziwazi.

Mkwe alivifunga kiatu hicho na mwenzake wa kulia kwa taulo akavilaza ndani ya sanduku kubwa pamoja na bisu, sindano nene ya shazia, patasi na nyundo. "Kila kitu cha ufundi kiko humu, Baba. Begi la mkononi lina sweta, dawa zako na karatasi. Usiguse kitu."

Mzee akaitikia. Mkwe alipoingia kuoga, akafungua sanduku, akakitoa kiatu cha kushoto, akakizika chini ya sweta katika begi la mkononi. Cha kulia alikiacha, hicho hata kikipotea kinanunulika. Hakumwambia mtu. Katika wiki nzima ile ya kuchanganyikiwa, hilo ndilo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo.

Uwanja wa ndege haukufanana na sebule ya mwanawe. Hakukuwa na viti viwili, kulikuwa na njia sita, na kila njia ina sheria yake. Mkwe alimfikisha kwenye mlango wa vioo, akamweka kola sawa, akasema, "Kuanzia hapa ni wewe, Baba," akaondoka kuwahi watoto wa mazoezi ya Jumamosi. Mzee akabaki na foleni. Bwana wa mbele yake alivua viatu. Mama wa njia ya pili alipita na vyake. Mzee alitazama huku, akatazama kule, akavua.

"Mkanda uache, mzee," akasema kijana wa usalama.

"Nimeshauvua."

"Basi uvae."

"Mkwe wangu amesema uvuliwe."

"Mkwe wako anafanya kazi hapa?"

"Anafundisha chekechea."

Kijana akamtazama kidogo, akasema basi auache hivyohivyo ulivyovuliwa, isiwe taabu. Mzee akaweka viatu na mkanda kwenye trei moja, begi na simu kwenye trei ya pili, akapita mlangoni kakaza mwili wote. Mlango haukulia. Alisimama upande wa pili akisubiri ulie, mpaka akaambiwa asogee.

Trei ya viatu ikapita. Trei ya begi ikaenda, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaenda tena, kisha ikasukumwa kwenye njia ya pembeni yenye kioo.

"Begi hili ni lako, mzee?"

"Langu."

"Ulilipanga mwenyewe?"

Swali hili mkwe hakulifundisha. Mzee akaona bora ukweli. "Alilipanga mkwe wangu, halafu mimi nikalipangua."

"Kwa nini ulilipangua?"

"Kwa sababu ya kiatu."

Wakamsogeza mbele ya skrini. Kule ndani aliona kiatu chake kimegeuka rangi za machungwa na buluu, kimevuliwa ngozi, chuma chake kimesimama katikati, na kando ya chuma kile chumba cheupe alichokichimba. Hajawahi kuona kazi yake kwa ndani namna ile. Akasogea karibu, akasahau yuko wapi.

"Ule wa tatu umekaa upande," akasema.

"Upi wa tatu?"

"Msumari."

Yule kijana akaita mkubwa wake. Akaja mama mmoja mrefu, sare imenyooka, mwenye sauti ya chini ya mtu asiyehitaji kupaza. Akakitoa kiatu chini ya sweta kwa glavu, akakigeuza, akakipima kwa mkono.

"Mzee wangu, ndani ya soli hii kuna nini?"

"Kandambili."

"Kandambili ndani ya kiatu?"

"Vipande vyake. Sponji. Ili kiwe chepesi."

Mama yule akawatazama wenzake, na hakuna aliyecheka. Akaeleza taratibu: kitu kilichochimbwa shimo na kufungwa hakiwezi kupita bila kuonekana ndani. Kama angekiweka kwenye sanduku kubwa lingekuwa jambo jingine, lakini masanduku yameshafungwa, na abiria wake wataanza kuingia ndani ya dakika ishirini. Kwa hiyo akiache hapa, ama arudi nacho nyumbani, ama kifunguliwe.

Mzee aliyasikia yote matatu na hakuona hata moja lenye maana. Akiache, anakwenda kufanya nini? Arudi nacho, ndege iondoke, na mpwa alishasema miezi miwili mitatu. Kifunguliwe, na gundi hana, na huko aendako hajui hata kama gundi ya viatu ipo. Aliona hasira, kisha aibu, kisha akawa haoni kitu, ila midomo ya yule mama ikiendelea kusema. Nafsi ikamwambia kiatu kilichofunguliwa ni bora kuliko kiatu kilichoachwa.

"Nipe kisu nifungue."

"Siwezi kukupa kisu, mzee."

"Basi shika wewe. Lakini fuata ninavyokwambia."

Yule mama akaleta kikatio kidogo. Mzee akakunja mikono nyuma ili asimnyang'anye. "Usianzie mbele, utachana ngozi. Anzia kisiginoni. Hapo. Kata uzi, usikate ngozi. Mmoja mmoja. Usisukume, vuta." Na yule mama, mwenye nyota begani, akainama juu ya meza ya chuma akakata mishono mmoja mmoja kama alivyoagizwa. Mishono ilipokwisha, soli ikabanduka kwa mlio wa kuchanika. Vipande vya sponji ya buluu vikamwagika mezani.

Wakavipekua. Wakapangusa chuma kwa kikaratasi, wakakitia kikaratasi kwenye mashine nyingine, wakasubiri. Mama yule akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na soli, na ule upande wa juu akampa mkononi.

"Ni cha nani?"

"Cha dada yangu. Hatembei bila hicho."

Akakitazama tena. "Nenda, mzee. Utachelewa."

Akaenda mbio, begi begani, kiatu kwapani, mfuko mkononi. Alipofika kwenye foleni ya kuingia ndege, kipaza sauti kilikuwa kinakoroma juu ya vichwa vya watu, kila tangazo halieleweki, ila moja alilipata vizuri: abiria aliyeacha viatu vya kahawia na mkanda kwenye njia namba nne arudi avichukue. Mzee akatikisa kichwa. Watu wengine bwana, akasema moyoni, mtu mzima na akili zake anasahauje viatu.

Aliketi, akafungiwa mkanda wa kiti, akanyoosha miguu chini ya kiti cha mbele. Ndipo akaona soksi zake.

Mpwa alimpokea kwenye mlango wa wageni, akamkumbatia, akatazama chini. "Mjomba, viatu?"

"Usiniulize."

Sanduku kubwa lilikuwa la tatu kutokea, kavu, zima, hata mkwaruzo halina. Mzee alilitazama kwa chuki ya waziwazi. Njiani wakasimama kwenye duka la vifaa vya nyumbani, na mjomba mtu akapita safu nzima ya makopo kwa soksi akifungua vifuniko na kunusa, mpaka akapata gundi inayonuka sawasawa.

Dada alikuwa jikoni, kwenye kiti chenye mito miwili, blanketi magotini. Uso uleule wa kwenye simu. Walishikana mikono muda mrefu bila kuiachia.

"Mdogo wangu, umevuka mipaka na soksi?"

"Nilikuwa na haraka."

"Nimemwambia huyu asikuhangaishe. Mimi sisimami tena. Nimeshazoea kukaa."

"Sijakuuliza," akasema Kisigino, akapiga magoti, akakamata mguu wake.

Alifanya kazi palepale sakafuni, kutwa nzima. Kwanza alivumilia kutazama ule mguu, maana ulikuwa umevimba na ngozi imelainika kwa kutokukanyaga. Akapanua ngozi ya juu, akabandika, akatoa tabaka moja, akalirudisha nusu. Sponji ile ya buluu akairudisha kipande kwa kipande. Msumari wa tatu akaung'oa akaupiga upya. Dada alimtazama kichwa chake kilichoinama na kumtania upara, na kila alipoambiwa ajaribu kusimama alisema kesho.

"Leo," akasema mzee.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ile sakafu. Sijui nilivyofika chini. Nilikuwa nimesimama, halafu nikawa chini. Katikati sikumbuki kitu. Sasa nikianguka tena?"

Hili mzee alilielewa, la kutojua umetokaje hapa ukafika pale, alilielewa kuliko mambo yote ya safari ile. "Utaniangukia mimi," akasema. "Nipo hapahapa chini."

Akamfunga kamba za kiatu. Mpwa akashika mkono mmoja, mkono wa pili dada akaushika ukingo wa meza. Mzee alibaki magotini, macho kwenye kiatu tu, akaona kisigino kinagusa sakafu, soli inapokea uzito, kifundo kinatetemeka, kinatetemeka, kinatulia. Hakikuinama ndani wala nje. Akangoja. Juu, mkono wa dada ulikuwa umeachia meza, na wa pili umemwachia mwanawe.

Basi akainuka, taratibu, magoti yakilia, apime mabega kama yako sawa. Akanyanyua uso, akakuta amenyanyuka mpaka mwisho wake na bado hajayafikia macho ya dada yake. Ikambidi ainue kidevu. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amezungumza na uso mdogo uliokaa kwenye kiganja chake. Kiatu chote alikishona akimfikiria bibi mmoja mdogo, na hapa palisimama mwanamke mrefu aliyemzidi kichwa.

"Mbona umeduwaa?" akauliza dada. "Kiko upande?"

"Kiko sawa. Nilikuwa nimesahau urefu wako."

Dada akatazama chini, jiko lote, meza, mwanawe, kichwa cha mdogo wake, kutoka juu kule alikokuwa.

"Hata mimi," akasema.